Bei ya Nyumba Si Gharama Yake



Ndugu msomaji, imekuwa ada hapa petu Pwani kwamba mtu akitaka kununua nyumba huuliza swali moja tu: "Yauzwa ngapi?" Swali la pili hana. Akishaijua bei, na akishaona kwamba fedha zake zaifikia, huona kazi imekwisha, akatoa arubuni, akaanza kupokea hongera za majirani. Haipiti miezi mitatu ila utamwona yu mlangoni kwa watu akikopa. Leo ya wakili, kesho ya stempu, keshokutwa ya bati linalovuja. Na wale wale waliompa hongera ndio wamsemao barazani kuwa alijitia asiloliweza. Jambo hili nimeliona kwa miaka mingi, na leo nataka kulisema waziwazi, atakayechukia na achukie.

Nasema hasa na yule anunuaye peke yake. Siku hizi ni wengi. Kuna mwalimu wa skuli ambaye hajaolewa, muuguzi aliyeachwa naye ana watoto wawili wa kulea, mjane, kijana asiye na wazee, na mabinti zetu waliokwenda Bara Arabu kufanya kazi majumbani kwa watu, nao wameazimia wasirudi kupanga chumba. Watu hawa wana mshahara mmoja. Mume na mke wakikosea hisabu, hula mshahara wa mmoja mpaka kosa la mwengine litengenee. Aliye peke yake akikosea hana pa kuegemea, na nyumba aliyoitaka imsitiri ndiyo itakayomtoa nje.

Kabla ya hisabu kuna maneno ya kuondoa njiani. Wako wasemao, "Mwanamke na nyumba yake ana nini? Asubiri mume." Nawauliza wasemao hivyo, maneno haya mmeyatoa katika kitabu gani? Mali ya mwanamke katika Uislamu ni yake, awe mwana mwali au mke wa mtu. Hana deni la kumuomba mumewe ruhusa ya kununua kwa fedha zake, na akiolewa chakula na makao yake yako juu ya mume hata akiwa yeye ndiye tajiri. Bi Khadija (r.a.) alikuwa na biashara yake kabla ya kuolewa na Mtume (s.a.w.). Uingereza, ambayo wengine wetu huitazama kama mwalimu wa haki za wanawake, ilingoja hadi sheria ya 1882 ndipo mke akaweza kushika mali yake kwa jina lake. Na hapa petu hatuna haja ya kwenda mbali. Lamu wazee walikuwa na ada ya kumpa binti nyumba anapoolewa, mume akaja kukaa kwa mkewe. Walijua kwamba mwanamke mwenye kuta zake haonewi upesi. Basi anayemcheka binti kwa kutaka nyumba awacheke kwanza wazee wake.

Sasa tuje kwenye hisabu. Nachukua mfano wa Mombasa, kwa kuwa ndiko niishiko; msomaji wa Tanga au Unguja aulize viwango vya kwao, kwani jambo ni lile lile ila viwango si hivi. Tuseme umepata nyumba ya shilingi milioni 4, yenye hati, ndani ya mji. Sheria ya Kenya yamtaka mnunuzi alipe ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini na asilimia 2 mashamba. Hapo ni 160,000. Tena serikali ina mthamini wake. Akisema nyumba yapita bei mliyopatana, ushuru wahisabiwa kwa neno lake yeye, si kwa neno lenu. Ujira wa wakili nao umewekewa kiwango. Tuseme asilimia 2, ni 80,000, na juu ya ujira huo VAT ya asilimia 16, yaani 12,800. Mambo mawili tu haya yamekwisha kula 252,800, wala hujanunua hata ufunguo wa mlango. Ongeza kutazama daftari la ardhi, fundi wa kuikagua nyumba, amana ya maji na stima, gari la kuhamia, kufuli mpya (kufuli nasema ibadilishwe siku hiyo hiyo, wala usione haya, hujui nani ana ufunguo wa zamani), na matengenezo ya mwanzo ambayo hapana nyumba isiyokuwa nayo. Itafika laki nne.

Kwa hivyo mwenye milioni nne hatafuti nyumba ya milioni nne. Atafuta ya milioni tatu na laki sita. Kila shilingi kumi za bei, moja ya ziada iwe imekwisha kaa kando kabla hujamwona dalali. Dalali hatakwambia hayo, na ujira wake umo katika bei. Nataka msomaji alishike neno hili, kwani asiyelishika hupata hasara mara mbili. Ada ya mikataba ni kutoa arubuni ya asilimia 10 na kumaliza malipo katika siku 90 au karibu na hapo. Mikataba mingi humpa muuzaji ruhusa ya kuizuia arubuni ikiwa mnunuzi ameshindwa. Laki nne za mtu wa mshahara mmoja, zilizokusanywa kwa miaka mitano au sita, hupotea kwa kukosa laki moja na nusu ya stempu! Wamuona huyu ameibiwa? Hakuibiwa na mtu. Hisabu ndiyo iliyomwibia.

Nyumba zinazojengwa chini ya mpango wa serikali wa bei nafuu zina sheria yake, na anayenunua humo nyumba yake ya kwanza amesamehewa ushuru wa stempu. Ukiwa ni katika hao, uliza, usije ukalipa usichodaiwa.

Kuna na hila moja imeenea. Muuzaji hudaiwa kodi ya faida aliyoipata, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15. Basi humwambia mnunuzi, "Tuandike bei ndogo, nyengine nipe mkononi." Mnunuzi maskini hufurahi akidhani na stempu yake itapungua. Kwanza huo ni uongo ulioandikwa na kutiwa saini, na dhambi yake yajulikana. Pili, mthamini wa serikali hasomi karatasi yenu tu, huitazama nyumba. Tatu, mauzo yakivunjika utakwenda kudai nini? Utadai kilichoandikwa. Zile za mkononi zimekwenda na upepo wa kusi.

Na wale wasemao, "Sisi ni Waislamu, twaaminiana, karatasi za nini?" nao wana la kujibu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, ni ya kuandika deni na kuweka mashahidi. Mwenyezi Mungu ndiye aliyetaka karatasi. Na sheria ya nchi yataka mkataba wa ardhi uandikwe, utiwe saini na pande zote mbili, na saini zishuhudiwe. Mkataba wa mdomo, hata ukisomewa Fat-ha na watu arubaini, hauna pa kusimama mahakamani.

Sasa nije kwenye jambo lituhusulo sisi watu wa Mombasa zaidi ya watu wengine, nalo ni nyumba bila ya ardhi. Majengo, Kisauni, Likoni, watu wamekaa vizazi kwa vizazi katika nyumba walizozijenga juu ya ardhi ya mtu mwengine, wakilipa kodi ya kiwanja. Si haramu, wala siidharau. Wengi wetu tumezaliwa humo. Bei yake ni ndogo, na kwa ajili hiyo ndiyo humvuta anunuaye peke yake. Lakini fahamu wanunua nini. Wanunua kuta na paa. Chini ya kuta hizo huna hata chano moja ya mchanga. Mwenye ardhi anaweza kuiuza ardhi yake, akaja bwana mwengine ambaye hukumjua. Ukitaka kuvunja ukuta wa udongo ujenge wa mawe, wahitaji ruhusa yake. Ukitaka jina libadilishwe katika daftari lake, wenye ardhi wengi hutaka kitu mkononi kwanza. Na ukienda benki kutaka kuiweka rehani, hutapata wa kukusikiliza.

Namjua mwanamke mmoja, nilimsomesha chuoni alipokuwa mdogo, aliyenunua nyumba ya namna hii kwa fedha za miaka minane ya kuuza mahamri na samaki wa kupaka. Aliihisabu bei vizuri, hata nauli ya kwenda kwa wakili aliihisabu. Jambo moja halikuulizwa, aliyeuza alikuwa halipi kodi ya kiwanja kwa miaka kumi na moja. Mwenye ardhi alimngoja mnunuzi akae vizuri, ndipo akaja na daftari lake. Alilipa. Alilipa kwa kuuza friji na mashine ya kukandia, yaani aliuza biashara ili abaki na nyumba, na mwaka wa pili hakuwa na cha kulipa kodi ile ile. Basi anunuaye nyumba bila ya ardhi asitoe hata senti kabla hajamwona mwenye ardhi mwenyewe, si mjumbe wake, akapata risiti ya mwisho, na akaandikiwa kwamba hapana deni. Na kodi ya kiwanja aihisabu katika matumizi ya kila mwezi kama anavyohisabu unga.

Fedha hizi zote zatoka wapi? Msomaji ataniambia, "Sheikh, wanitajia laki na laki, mimi mshahara wangu wauona." Nauona. Nauona na unapokwenda. Hapa nitasema na jamii yetu, wala si na anayenunua. Twamtoza mtu huyu aliye peke yake kuliko tumtozavyo mwenye familia, kwa kuwa twasema "yeye hana majukumu". Arusi nane kwa mwaka si nyingi kwa mji wetu. Kila moja mchango wa shilingi 3,000, hiyo ni 24,000. Katika miaka kumi ni 240,000. Hiyo, ndugu zangu, ndiyo stempu na wakili wa nyumba ile niliyoitaja, kwa kukosa chache. Na sijahisabu sare, ambayo hushonwa mpya kwa kila arusi kana kwamba ya juzi imeingia najisi. Sisemi mtu akate jamaa zake. Jamaa mgonjwa, jamaa mwenye njaa, hao wana haki. Lakini kumlazimisha mwalimu wa mshahara mmoja achangie ukumbi na mapambo ya usiku mmoja, kisha akikosa aitwe bakhili, huko si kuunga jamaa. Huko ni kumla mtu hali yu hai. Binti akisema, "Mwaka huu nanunua nyumba, niwieni radhi," ajibiwe kwa dua, si kwa kununiwa.

Yeye naye ana wajibu wake juu ya fedha hizo. Wako wanaoziweka miaka wasizitolee zaka, wakisema, "Hizi ni za nyumba." Za nyumba maadamu hazijawa nyumba ni fedha. Zikifika nisabu, ambayo kwa dhahabu ni gramu 85, na mwaka wa Kiislamu ukazipitia, kauli ya wengi wa wanazuoni ni kwamba zatolewa zaka. Aliyeweka 1,200,000, ikiwa zimefika nisabu ya siku hiyo, atatoa 30,000. Aitie katika hisabu yake tangu mwanzo, isije ikamshtua Ramadhani. Akishanunua na kukaa ndani, nyumba ya kukaa haina zaka.

Ama anayekwenda benki, la riba nalijua na msomaji alijua, sitalirefusha. Tangu 2008 Kenya ina mabenki yaendeshwayo kwa sharia, yanayomnunulia mtu nyumba na kumuuzia kwa faida iliyotajwa, au yanayoshirikiana naye na hisa zake zikaongezeka kidogo kidogo. Lakini nimewakuta watu wadhanio kwamba halali maana yake ni rahisi! Benki ya halali nayo yataka ulipie mthamini, yataka ulipie wakili wake mbali na wako, yataka takaful. Kila kimoja kina bei, nacho ni juu yako. Tena tazama utakatwa kiasi gani kwa mwezi. Sheria ya kazi ya 2007 imekataza mfanyakazi akatwe zaidi ya thuluthi mbili za mshahara wake, na watu wameichukua kama ruhusa ya kufika huko. Huo ni ukuta, si godoro. Aliye peke yake asikubali kupita thuluthi moja, na kabla ya kutia saini awe na malipo ya miezi sita kando, kwani akiugua hapana wa kumlipia. Mtu akimwambia kuwa kuweka akiba hiyo ni kukosa tawakkul, amkumbushe kwamba Mtume (s.a.w.) alimwamrisha yule bwana amfunge ngamia wake kwanza.

Sasa nawageukia walio Jeddah, Dammam, Doha na Muscat. Mabinti wengi hutuma fedha kwa kaka, na kaka hununua kwa jina lake, "kwa kuwa yeye ndiye aliyeko." Kaka huenda ni mtu mwema, simsingizii. Lakini siku akifa, daftari lasema nyumba ni yake. Itaingia katika mirathi yake, mkewe achukue thumuni, wanawe wagawane kilichobaki, mwanamume sehemu mbili za mwanamke, na wewe uliyefua nguo za watu miaka kumi utasimama mlangoni kama mgeni ukitafuta mashahidi. Dawa yake haina gharama kubwa. Wakili aandike hati ya uwakala, uitie saini huko uliko mbele ya anayetambuliwa kisheria, kaka anunue kwa niaba yako na hati itoke kwa jina lako, kwa kitambulisho chako na namba yako ya PIN. Fedha za hati hiyo zihisabiwe pamoja na stempu. Na kaka atakayekasirika kwa hilo, kukasirika kwake kumekwisha kukwambia ulilokuwa ukitaka kulijua.

Umeingia nyumbani, alhamdulillahi. Gharama hazikubaki nje. Nyumba za Pwani zina adui asiyelala, nayo ni chumvi. Bati la karibu na bahari haliishi umri wa bati la bara, na chuma kilicho ndani ya zege hushika kutu kikapasua nguzo toka ndani. Anunuaye nyumba ya zamani ya Mji wa Kale au ya Lamu, yenye kuta za mawe na chokaa na dari ya boriti, atafute fundi ajuaye chokaa. Wengi hupiga saruji juu ya ukuta wa chokaa, unyevu ukafungiwa ndani, boriti zikaoza ncha zake bila ya kuonekana. Na Lamu, ambao tangu 2001 ni mji wa urithi wa dunia, huwezi kubadilisha utakavyo, yataka idhini. Anunuaye fleti naye asidhani ameepuka. Atalipa kila mwezi fedha za mlinzi, pampu ya maji, taa za ngazi na usafi. Ikiwa ni 5,000 kwa mwezi, ni 60,000 kwa mwaka, na hiyo hailipwi mara moja ikesha, yalipwa maisha. Nyumba yenye hati ina kodi ya kaunti kila mwaka. Maji ya mfereji nayo mwayajua yanavyokatika, basi tangi si anasa. Shimo la choo likijaa gari lataka fedha siku hiyo hiyo, halingoji mwisho wa mwezi. Hata asilimia moja ya bei ikiwekwa kila mwaka kwa matengenezo peke yake, kwa nyumba yetu ya milioni nne ni 40,000, si nyingi kwa nyumba iliyo karibu na bahari.

Mwisho kuna karatasi moja ambayo aliye peke yake huisahau kuliko wengine, nayo ni wasia. Usiandike ndani yake kwamba nyumba apewe fulani katika warithi wako, kwani mrithi hausiwi ila wenziwe wakiridhia, na asiyekuwa mrithi hausiwi zaidi ya thuluthi. Andika wadai wako na wadaiwa wako, benki gani na imebaki kiasi gani, na hati iko wapi. Watu wawili unaowaamini wajue ilipo. Deni la nyumba likiwa bado lipo hulipwa kwanza, hata ikibidi nyumba yenyewe iuzwe, ndipo warithi wagawane.